Tairi za Baiskeli ya Watu Wawili

Nilipomwomba fundi wa baiskeli wa mtaa wa Obunga aunganishe baiskeli mbili ziwe moja, aliniuliza kwanza kama kuna sheria inayokataza. Nikamwambia siijui. Akakuna kichwa, akazizunguka zile baiskeli kuukuu mara mbili, kisha akasema, "Mama, kama sheria hakuna, mimi nachomelea." Siku ya nne akaniita nikaone. Mbele ya kibanda chake ilisimama baiskeli ndefu ya ajabu, viti viwili, usukani mbele na mahali pa kushika nyuma, pedali jozi mbili. Mnyororo mmoja ulitoka pedali za mbele kwenda za nyuma, wa pili ukatoka za nyuma kwenda gurudumuni, hivyo pedali zote zilizunguka pamoja, upende usipende.

Kilichokosekana ni tairi tu. "Hizo utachagua mwenyewe," fundi akasema, na mimi nikadhani kazi kubwa imekwisha. Loo, sikujua!

Niseme baiskeli yenyewe ilikuwa ya nini. Mume wangu alipoteza macho miaka mitano iliyopita. Presha ya macho, daktari alisema, tena tulikuwa tumechelewa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mahakama siku za kazi, na Jumamosi alikuwa mwendawazimu: anavaa kaptura ya kubana, na umri wake ule, anaondoka alfajiri na wenzake kwenda Bondo na kurudi kwa baiskeli za tairi nyembamba, wanashindana kama vijana. Nilimcheka sana kwa kaptura ile. Macho yalipokwisha, baiskeli tukaitundika ukutani, naye akaketi chini yake na redio. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Mtu aliyekuwa akigombana na dunia nzima, hata na muuza nyanya, sasa ukimwuliza anataka chai au uji anajibu, "Chochote." Nililichukia neno hilo kuliko ninavyochukia panya.

Nilipomweleza mpango wangu, mimi mbele nikiongoza, yeye nyuma akikanyaga, alisikiliza taarifa ya habari mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Nitapanda mara moja, kwa sababu umeshatengeneza. Ikinishinda, habari ya baiskeli isitajwe tena katika nyumba hii. Umesikia, Nyar Kakamega?"

Binti wa Kakamega, ndivyo anavyoniita tangu anioe. Mimi Mluhya, yeye Mjaluo, na nyumba yetu husema Kiswahili ili asiwepo wa kumteta mwenzake kwa lugha ya pembeni. Nikasema nimesikia. Mara moja. Basi hiyo mara moja ilikuwa lazima iende vizuri, maana nafasi nyingine sikuwa nayo. Nikaanza kukosa raha kwa sababu ya tairi.

Mimi ni msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari, nyuma ya soko la Otonglo. Kazi yangu ni kuosha chupa, kupima asidi na kuwazuia wanafunzi wasijiunguze, lakini ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Nikiona kitu nauliza kwa nini, nikijibiwa nauliza tena. Mama yangu alisema mdomo huu utanikosesha mume. Kumbe ulinipatia mbishi mwenzangu.

Nikaanza kwa kumuuliza yeye. Nilimuuliza jioni, bila kutegemea kitu, na ajabu, akapunguza sauti ya redio.

"Ishirini na tatu," akasema.

"Ishirini na tatu nini?"

"Milimita, mama. Upana. Imeandikwa ubavuni mwa tairi. Ujaze upepo mpaka kidole gumba kikatae. Tairi ngumu ndiyo kasi. Tairi laini ni kuburuta godoro."

Nikamuuliza nani alipima. Akasema hakuna haja ya kupima kitu ambacho kila mwendeshaji anakijua. Nikamwambia kila mwanafunzi wangu pia anajua maji hayana harufu mpaka anuse ya tangi letu. Tukabishana hadi ugali ukapoa. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha ya kijinga, kwa sababu ya milimita.

Kesho yake nikamuuliza fundi. Yeye hakutaka hata kusikia hiyo ishirini na tatu. "Mama, hiyo ni uzi, si tairi. Hapa adui ni mwiba na chupa." Akanionyesha tairi nzito nyeusi ya mzigo, kisha akachukua tairi nyingine iliyochakaa, akaikata kingo kwa kisu na kuivisha ndani ya ile nzima, tairi ndani ya tairi. Ndivyo wanavyofanya kwa baiskeli zote za kubebea mkaa na maji pale Obunga. "Hata msumari itaingia, itachoka, itarudi," akasema. Nikamuuliza na mwendo je? Akanitazama kwa huruma. "Mama, mtu ya pancha iko na mwendo gani?"

Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi wangu wa tatu, ambao wanaume wale wawili hawakuutaja: mwili. Mtu asiyeona haoni shimo likija. Mimi mbele nitainua makalio, yeye nyuma atalipokea lote mgongoni bila kuonywa. Ikimtesa, basi, atarudi kwa redio yake na mlango utafungwa. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa nilikwenda soko la Kibuye, nikapekuapekua kwenye mafungu ya mitumba mpaka mikono ikawa myeusi, nikapata jozi ya tairi pana laini, thelathini na mbili, ambazo bado mpira wake ulinukia vizuri. Nikanunua na ishirini na tatu za Mzee wangu ili asiseme nimempendelea mtu. Za fundi nilikuwa nazo tayari.

Jozi tatu, na kila moja ina wakili wake. Kwa nini nisipime?

Shuleni kuna barabara yetu ya lami iliyochakaa, inashuka kutoka lango kubwa mpaka jikoni, halafu inanyooka kupita uwanja wa netiboli. Siku za likizo hapiti hata kuku. Niliamua kushuka bila kukanyaga pedali, niiache baiskeli ijisukume yenyewe mpaka isimame, nichore alama ya chaki. Itakayofika mbali ndiyo nyepesi. Tatizo lilikuwa uzito wa nyuma. Mume wangu nisingemchosha kwa majaribio. Yeye alikuwa na mara moja tu. Nikachukua gunia, nikalijaza mahindi ya stoo mpaka mizani ya shule ikasoma kilo zake yeye, nikalifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mipira ya tyubu kuukuu. Nilijiona mwerevu ajabu. Askari wa lango aliniuliza kama nampeleka gunia hospitalini.

Tairi za fundi zilikuwa na kishindo chake, dup, dup, dup, pale ile ya ndani ilipoungana. Zikafika mlango wa jikoni zikachoka. Nikarudia mara tatu, hali ileile. Nikavisha ishirini na tatu, nikazijaza mpaka mkono wa pampu ukagoma, nikashuka. Wuui! Nilijiuma ulimi. Meno yaligongana, miwani ikashuka puani, lakini tulipita jikoni na kufika ukingo wa uwanja wa netiboli. Nikachora chaki, nikasema moyoni, haya, Mzee ana haki yake.

Halafu zile pana. Nilizijaza kiasi, kidole kinazama kidogo, na nilishuka bila tamaa, maana hata mimi niliamini zitaburuta. Hazikupiga kelele. Zilinong'ona tu. Zikapita jikoni, zikafika kwenye chaki ya Mzee, zikaipita. Zikasimama hatua kumi na moja mbele yake.

Nilikataa kuamini. Nikafikiri ni upepo wa ziwani umenisukuma, nikangoja utulie. Nikafikiri ni breki imegusa rimu zile za kwanza, nikakagua. Nikabadilisha tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, vidole vikiuma kwa kuvisha na kuvua tairi, jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Jibu halikubadilika. Mwishowe nililala kifudifudi kando ya barabara, mtu mzima wa miaka hamsini, nikaikagua lami kwa jicho la karibu. Ilikuwa imejaa kokoto zilizochomoza. Hapo ndipo niliposhika: tairi ngumu ikikutana na kokoto inainua baiskeli nzima na watu wake, kidogokidogo, maelfu ya mara, na kila kuinua ni nguvu inayopotea. Tairi laini inaimeza kokoto na kuendelea na safari. Kwenye lami laini kama meza labda Mzee angeshinda. Lakini sisi tunaishi hapa.

Nilikimbia nyumbani kama niliyefaulu mtihani.

"Chaki umeisogeza," akasema.

"Mimi? Nisogeze chaki?"

"Chaki ni ushahidi wa wenye macho. Weka mawe, unipeleke."

Tukaenda. Nikaweka jiwe kwenye kila alama. Alitembea mkono wake begani kwangu, kutoka jiwe moja hadi jingine, akihesabu hatua kwa sauti, akainama kulishika la mwisho, akarudi, akahesabu upya. Kumi na moja. "Yaye," akasema polepole, na uso wake ulikuwa uso wa zamani kabisa, wa mtu anayetafuta njia ya kubisha. Kisha akaomba aishike baiskeli. Mkono wake ukapita kwenye usukani, ukapita kwenye kiti changu, ukafika kiti cha nyuma. Gunia lilikuwa bado limefungwa pale. Akalipapasa juu mpaka chini, akaligonga kidogo kwa kiganja.

"Hili ni nini?"

"Mahindi. Ni wewe," nikasema, nikicheka. "Kilo zako kamili."

Akatoa mkono. "Weka tairi zozote unazotaka," akasema. "Chochote."

Na mimi, mjinga mimi, nikadhani nimeshinda.

Jumamosi tuliondoka kukipambazuka, kabla malori ya Busia hayajaanza fujo. Nilikuwa nimevisha zile pana jana yake na kuzijaza kwa uangalifu. Mpango ulikuwa twende mpaka Kisian, pale barabara ya Bondo inapochepuka kushoto, halafu tugeuze. Alipanda vizuri kuliko nilivyoogopa. Mguu wake ulijua.

Lakini hatujafika mbali nikaona mambo si mambo. Usukani ulitetemeka mikononi mwangu. Kila kokoto ilinifikia mpaka kwenye kisogo. Nikajiambia ni lami ya hapa, itakwisha; haikuisha. Nyuma yangu alikuwa amejikaza kama mti, na mtu akijikaza kwenye baiskeli ya watu wawili, wa mbele anaongoza kwa shida. Tulipofika kwenye matuta madogo karibu na Kisian, yale yaliyopangwa mfululizo, nilimsikia akitoa sauti, "Ah! Ah!" kwa kila tuta, mkono wake ukateleza pale anaposhika, baiskeli ikayumba upande wa barabara, na lori likatupigia honi hadi moyo ukanipasuka. Nikafunga breki, tukashuka kwenye nyasi.

"Basi," akasema. "Tumeshapanda. Turudi."

Ningeweza kulia pale pale. Nikainama, sijui kwa nini, labda ni ule ugonjwa wangu, nikabonyeza tairi kwa kidole gumba. Jiwe. Nikabonyeza ya mbele. Jiwe.

"Nani amejaza tairi hizi?"

Boda boda mbili zikapita.

"Mzee, nani amejaza?"

"Mimi."

"Lini?"

"Ulipokuwa bafuni. Pampu najua ilipo. Kuzibadilisha ningeshindwa bila wewe kusikia, lakini upepo niliweza kuongeza."

Nikawaka. Nilimwambia alihesabu mwenyewe hatua kumi na moja, alishika jiwe kwa mkono wake, sasa ni ubishi gani huu wa kutuua mbele ya lori? Nilisema mengi, na kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya kando ya barabara akaacha kuzipanga. Mzee alinisikiliza hadi nikakosa pumzi.

"Ulinipima kwa gunia," akasema.

Sikumwelewa. Akaendelea taratibu, uso ameuelekeza ziwani. "Tairi pana nazijua. Obunga nimezipita miaka yote. Juu yake wanapakia mkaa, maji, mgonjwa anayepelekwa hospitali. Miaka ishirini nilikaa juu ya tairi nyembamba, ngumu, na hakuna aliyenipakia. Siku ile nikashika kiti changu, nikakuta mahindi. Nikasema, sawa, basi nimejua nafasi yangu. Lakini angalau tairi ziwe ngumu. Angalau niumie kama mwendeshaji."

Nilihisi aibu. Mimi niliyejidai kupima kila kitu, upepo wa ziwani nilikuwa nimeukumbuka, breki nimeikumbuka. Katika majaribio yangu yote nilikuwa nimeshuka tu. Sikuwahi kupanda kilima, kwa sababu gunia halina miguu, na haikunijia kwamba yeye anayo.

"Nisamehe," nikasema. "Sikufikiri."

"Wewe? Hukufikiri?" Akacheka kwa pua. "Ayie. Nimekubali. Makalio yangu ndiyo hayajakusamehe."

Halafu akachuchumaa, akaomba nimwelekeze mkono kwenye valvu. Nikamwelekeza. Upepo ukaanza kutoka, ssss, naye akategea sikio, kidole gumba cha mkono mwingine kikibonyeza ubavu wa tairi.

"Kiasi gani, daktari?"

"Kama parachichi la kuliwa keshokutwa."

Akaendelea kusikiliza, akafunga, akabonyeza, akatoa tena kidogo. Akafanya hivyo hivyo kwa tairi ya pili. Nilipojaribu mimi, zilikuwa sawasawa kabisa na zangu za jana, pengine bora. Sikuambiwa turudi, na mimi sikuuliza.

Tulipopanda tena, ule mtetemo haukuwepo. Nilisikia mnong'ono ule wa shuleni chini yetu, nikasikia pia mgongo wa mtu nyuma yangu ukilegea, maana usukani ulikuwa mwepesi ghafla. Hatujakwenda sana akaanza. "Hii lami ni mpya, wameitia lini?" Kisha, "Gia, Nyar Kakamega, badilisha gia, unakanyaga kama unasaga wimbi." Kisha, "Hapo umepita shimo kwa kulia, nimelisikia, usijifanye." Nilimjibu anyamaze, mwenye breki ni mimi. Akasema ndiyo maana anaogopa. Nilifurahi kutukanwa, Mungu anisamehe.

Tukafika njia panda ya Bondo. Nikapunguza mwendo ili tugeuze, kama tulivyopatana.

"Kata kushoto," akasema.

"Huko kuna kilima."

"Kilima hicho nakijua kuliko wewe. Kata."

Nikakata. Barabara ikaanza kuinuka, si sana, lakini kwa mimi niliyezoea kusimama maabara ilitosha. Nikakanyaga kwa nguvu, pumzi ikaanza kukata, mapaja yakawaka moto. Nilitaka kwa kila hali nimfikishe juu, nisimwaibishe.

"Toa miguu," akasema.

"Nini?"

"Miguu yako. Itoe kwenye pedali."

"Tutaanguka."

"Wewe shika usukani. Toa miguu, mama."

Nikaitoa, mmoja kwanza, halafu wa pili, nikaiachia ining'inie huku na huku. Baiskeli ilipunguza mwendo. Ilipunguza sana, hadi nikaanza kutafuta pa kukanyaga chini. Kisha haikupunguza tena. Nilisikia pumzi zake nyuma yangu, nzito, zenye kuhesabu. Nikatazama chini. Pedali zangu zilikuwa zinazunguka zenyewe, polepole, bila mtu, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na barabara ikirudi nyuma chini yake.

"Sasa mzigo ni nani?" akauliza, akihema.

"Mimi," nikasema.

"Basi kaa vizuri," akasema. "Na kesho uache hiyo sketi, inapiga mnyororo."